Tepu ya Shingoni

Gauni la muuguzi mkuu liligoma kupita mabegani. Alilivuta mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa nguvu, na mara ya tatu mshono wa ubavuni ukalia, naye akabaki nyuma ya pazia mikono ikiwa juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Fundi aliyelishona gauni hilo, mwanamke mpole asiyependa kelele kibandani mwake, ilibidi aingie na mkasi kumtoa.

"Hili umemshonea nani?" muuguzi mkuu aliuliza alipotoka, jasho likimtiririka. "Mimi au binti yangu?"

"Samahani sana, mama. Naomba niangalie daftari."

"Angalia na gauni la mwenzangu wa zamu ya jioni. Yule mwembamba. Umemshonea hema."

Fundi alifungua daftari la vipimo. Mwandiko ulikuwa mzuri, umelala sawasawa kwenye mistari, mwandiko wa kutia fremu. Kifua cha muuguzi mkuu: 34. Kifua cha yule mwembamba: 43. Alikumbuka vizuri kabisa jinsi alivyopima kwa mkono wake mwenyewe na kutaja kwa sauti, arobaini na tatu, na binti yake wa miaka kumi akaandika. Alimpa daftari lile makusudi, ili azoee namba. Na yeye mwenyewe, kwa kuuamini ule mwandiko, alikata kitambaa usiku na mchana bila kusimama kujiuliza ni lini mwanamke mnene kama yule alipungua inchi tisa.

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri zipu walijifanya wanatazama barabarani.

"Nani aliandika hapa?" muuguzi mkuu aliuliza.

"Binti yangu."

"Mtoto asiyejua arobaini na tatu unampa daftari la watu? Mama, sisi tuko wauguzi tisa, na Jumatatu ijayo tuna ukaguzi. Nikisimama pale na sare ya zamani, nitawaambia wakaguzi waje hapa wakuulize wewe."

Binti mwenyewe alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, ameketi kwenye kigoda miguuni pa bibi yake akimsomea gazeti. Pale nyumbani walimwita Mtangazaji. Tangu darasa la kwanza alisoma chochote kilichoandikwa: gazeti, mabango, maelezo ya dawa ya meno, na alisoma kwa sauti ya mtu wa redio, akipumzika penye kituo. Sasa alinyamaza katikati ya sentensi na kulikunja gazeti dogo, dogo zaidi, mpaka likakataa kukunjika.

Bibi aligusa tepu iliyokuwa shingoni mwake. Yeye ndiye aliyekianzisha kibanda kile kabla mwanawe, baba wa Mtangazaji, hajaota meno, na mtaa mzima ulijua kwamba alikuwa hapimi kwa tepu. Alipima kwa kamba. Kila mteja na kamba yake, fundo hapa la bega, fundo hapa la kiuno, na kamba zote zilining'inia ukutani kwenye misumari. "Tepu husema uongo," alikuwa akiwaambia watu, "kamba haina mdomo." Hata hivyo tepu haikumtoka shingoni. Aliivaa kila asubuhi pamoja na miwani yake, ambayo mara nyingi ilikaa kwenye paji la uso, na hapakuwa na fundi aliyeonekana fundi kuliko yeye.

*

Balaa, wanasema, haiji peke yake. Jioni ile ile Mtangazaji alitoa barua kwenye mkoba wa shule.

Baba yake alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini. Alikuwa mwashi, mwenye vidole vilivyochubuliwa na saruji, na alijivunia kitu kimoja kuliko vyote: aliweza kutazama kiwanja kitupu na kutaja idadi ya matofali, na akikosea, hakosei kwa zaidi ya kumi. Aliketi, akanyoosha miguu, akasema kama alivyosema siku zote karatasi ilipoingia nyumbani, "Haya, Mtangazaji, tusomee."

Na yeye akasoma. Angefanya nini? Alisimama katikati ya chumba akasoma kwa sauti yake nzuri.

"Kwa mzazi. Shule inasikitika kukujulisha kwamba mwanao, wa darasa la nne, hajafikia kiwango kinachotakiwa katika somo la hesabu, ambapo amepata alama..." Alisita. "Hapa pana namba, baba."

"Ruka."

"Hivyo basi, uongozi umeamua arudishwe darasa la tatu kuanzia juma lijalo. Mzazi anaombwa kufika ofisini Ijumaa, saa..." Alisita tena. "Hapa pia."

"Saa nne," mama yake alisema taratibu, akichungulia begani kwake.

Mdogo wake, aliyekuwa sakafuni akifunika madaftari, aliinua kichwa. "Darasa la tatu ni langu. Atakaa na mimi?"

Mtangazaji aliendelea kusoma, maana barua ilikuwa na karatasi ya pili, fomu iliyowekwa na mwalimu wa darasa. Ilisema mwalimu huyo anapendekeza mtoto apelekwe kituo cha upimaji wa watoto wenye ugumu wa kujifunza, na kwamba wazazi wote wawili watie saini.

Mwashi aliichukua fomu, akaisoma mwenyewe kwa mara ya pili, na sura yake ikabadilika.

"Kituo cha nani? Mwanangu ana wazimu?"

"Haijasema wazimu," mkewe alisema.

"Nakijua kile kituo. Tulijenga uzio wake. Mtoto akipita lile geti, mtaa mzima unampa jina, na jina halifutiki. Kaa hapa, Mtangazaji. Saba jumlisha sita."

Mtoto alikaa. Mikono yake ilishuka chini ya meza.

"Mikono juu."

Mikono ilipanda juu ya meza, ikatulia, vidole vimebanana kama vinaona aibu. Mtangazaji alitazama ukuta. Alitazama taa. "Kumi na mbili?"

"Jana ulisema kumi na tatu!"

"Jana nilijua, baba."

"Na leo imekwenda wapi?"

Swali hilo Mtangazaji alijiuliza kila siku, na angetoa chochote apate jibu lake. Machozi yalimjaa, akayazuia.

"Mnaona?" mwashi aliwageukia wengine. "Anajua. Hataki tu. Samaki mkunje angali mbichi. Heri arudishwe darasa la tatu, aone aibu kidogo, atajifunza. Hesabu katika ukoo huu ni damu. Mimi nahesabu matofali kwa jicho. Mama yangu huyu hapa amepima mji mzima, miaka hamsini, hajakosea hata inchi moja. Mtazame bibi yako, Mtangazaji! Yeye alisoma hadi darasa la tatu tu. Wewe unashindwa na nini?"

Mtangazaji hakumtazama bibi yake. Aliinamisha kichwa. Bibi naye alikohoa, akasema koo limemkauka, akaenda kutafuta maji, na hakurudi mpaka vitabu vilipofungwa.

*

Mama alikwenda shuleni Jumatano, peke yake, wakati wa mapumziko. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa kijana mfupi, mgeni muhula ule, mwenye shati lililopigwa pasi mbele tu. Mama aliliona hilo kwanza, kwa kuwa alikuwa fundi, akampenda kwa ajili yake.

"Shikamoo ya nini, mama, mimi ni mwanao," alisema mwalimu, maana fundi kwa woga alikuwa amemwamkia. "Kaa. Nataka uone kwa macho yako."

Alimwita Mtangazaji. Kwenye dawati alipanga karata alizokata kwenye maboksi, kila moja ina vitone vya kalamu. Aliinua moja yenye vitone vitatu, akaishusha upesi.

"Vingapi?"

"Sijamaliza kuhesabu, mwalimu."

Aliinua tena, akaiacha juu. Mtoto alihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Kisha mwalimu akauliza, kati ya saba na tisa ipi kubwa. Mtangazaji alifumba macho, midomo ikimcheza, akaanza safari kutoka moja. Alipofika tisa alisema, "Tisa, kwa sababu imechelewa kufika." Kuhesabu kurudi nyuma kutoka ishirini kulimshinda penye kumi na saba. Saa ya ukutani aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Sasa soma hili."

Hesabu ile ilikuwa ya mwenye duka na mayai. Mtangazaji aliisoma kama habari ya saa mbili usiku. "Mwenye duka alikuwa na mayai, mengine yakavunjika njiani," alieleza. "Wanataka kujua yaliyopona. Kwa hiyo unatoa yaliyovunjika."

"Vizuri sana. Yamepona mangapi?"

Mtangazaji alifumba tena macho. Kisha, kwa sauti ndogo: "Hayo sasa ndiyo yananikimbia."

Mwalimu alimruhusu akacheze, akasubiri mlango ufungwe.

"Mama, nimemwangalia tangu muhula uanze. Mvivu huacha nafasi wazi, au hunakili kwa jirani. Huyu hujaza kila mstari, anafuta, anajaza tena, mpaka karatasi inatoboka. Macho na masikio yamepimwa, hayana neno. Kusoma, ananishinda hata mimi. Ila namba hazimkai. Anazigeuza, anazisahau, na wingi wa vitu hauoni kwa jicho kama wenzake. Wapo watoto wa namna hiyo, wengi kuliko tunavyodhani. Tunawaita wajinga, wanaamini."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana. Wala si upungufu wa akili. Ni ugumu wa kujifunza hesabu, anazaliwa nao mtu. Lakini mimi si mpimaji, mimi naona dalili tu. Kituoni ndiko watasema ndiyo au siyo."

"Na dawa yake?"

"Kidonge hakuna. Kuna kumfundisha kwa njia nyingine. Vitu vya kushika, hatua ndogo ndogo, muda wa ziada kwenye mtihani, na kutomsimamisha mbele ya wenzake. Ataweza, ila atapita njia yake. Ukimrudisha darasa la tatu atafundishwa yale yale, vile vile, na mtu yule yule aliyeshindwa kumfundisha mwanzo. Nimemweleza mwalimu mkuu. Anasema karata zangu ni michezo, na bila saini za wazazi wote wawili orodha ya wanaorudishwa inafungwa Ijumaa, jina lake likiwamo."

Mama alitia saini yake pale pale. Mwalimu akaikausha kwa kupuliza.

"Jambo moja, mama. Mara nyingi hali hii hupita katika familia. Yupo mtu kwenu mwenye shida na namba?"

Fundi alifungua mdomo kusema hapana. Halafu akaufunga. Alikumbuka miwani ambayo haikuwa mahali pake kila ilipohitajika. Alikumbuka mtu mmoja anayefika msibani na arusini saa mbili kabla ya wengine, wakamcheka kwamba anawahi viti. Alikumbuka sentensi moja aliyoisikia mara elfu kwenye kaunta ile ya kibanda, mteja akitoa pesa: hesabu wewe, nakuamini.

"Nitauliza nyumbani," alisema.

*

Lakini utamuulizaje mama mkwe kitu kama hicho? Fundi alilala nacho, akaamka nacho. Alhamisi asubuhi walikuwa wawili tu kibandani, sare za wauguzi zimelala mezani zimefumuliwa kama kuku waliochinjwa. Alinyoosha kitambaa kilichobaki, kisha akaishika tepu yake na kuiweka mbele ya mkwewe.

"Mama, nisaidie kupima hapa. Nataka nijue kama kinatosha kutia vipande ubavuni."

"Miwani yangu sijui nimeiweka wapi."

"Iko kwenye paji la uso, Mama."

"Hii ni ya mbali."

"Sawa, Mama." Fundi aliirudisha tepu, akapima mwenyewe. Alitia alama ya chaki. Alisema bila kuinua macho, "Nilikwenda shuleni jana. Mwalimu anasema si ujinga, ni hali ya kuzaliwa nayo, na mara nyingi hupita katika familia. Ameuliza kama yupo mtu kwetu anayesumbuliwa na namba. Nimemwambia nitauliza."

"Basi uliza."

"Nimeshauliza, Mama."

Cherehani ya jirani ilisikika ikikimbia, ikasimama. Bibi alivuta tepu iliyokuwa shingoni mwake upande mmoja, akaivuta upande wa pili.

"Mkwe, ulikuja nyumba hii na sanduku moja. Nikakuweka kwenye cherehani hiyo."

"Ndiyo, Mama. Sijasahau, wala sitasahau."

"Hujawahi kunivunjia heshima."

"Na leo sikuvunjii. Nimepima kitambaa tu."

Bibi aliinuka akazipapasa kamba zake ukutani, moja moja. Aliposema tena hakumgeukia mkwewe.

"Yule mtoto anajua. Mwaka jana nilikuwa nahesabu vifungo vya koti, najifanya navipanga. Alinitazama vidole. Watu walipoingia alikuja akakaa mbele yangu, akatandaza gazeti kubwa, wasinione."

"Na hakusema?"

"Baba yake anamtukana kwa jina langu kila jioni, na hakusema," bibi alisema.

*

Ijumaa asubuhi bibi hakuonekana kwenye chai. Walimkuta shuleni, kwenye benchi nje ya ofisi, mkoba wake mapajani. Mfagiaji alisema alimkuta pale alipokuja kufungua madarasa.

"Mama, miadi ni saa nne," mwashi alisema kwa mshangao. "Umekuja kufanya nini?"

"Nilisema nisichelewe."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mzima mwenye daftari kubwa na subira ndogo. Aliwakaribisha viti, viti vikawa viwili, mwashi akasimama. Viatu vyake vya kazini viliacha unga wa saruji kwenye sakafu iliyodekiwa, na mwalimu mkuu aliutazama unga ule kwa muda uliotosha wote kuuona. Mwalimu kijana alisimama dirishani. Mtangazaji aliitwa, akaegemea ukuta.

"Orodha inafungwa leo," mwalimu mkuu alisema. "Mama amesaini fomu. Wewe, baba?"

"Mimi sisaini. Mrudisheni darasa la tatu."

"Baba, ungesikiliza kidogo..." mwalimu kijana alianza.

"Nimesikiliza. Mwalimu, wewe ni kijana, umesoma, nakuheshimu. Lakini mtoto wangu hatapelekwa kituoni kama mgonjwa. Unasema kitu hiki kinatoka kwenye ukoo? Ukoo wangu huu hapa umekaa kwenye kiti. Muulize mtu yeyote mtaani. Mama yangu amevalisha watu miaka hamsini. Mtu wa damu hii hashindwi hesabu. Anadeka."

Mkewe alitazama sakafu. Mtangazaji alitazama sakafu. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama mwanawe usoni, na alimtazama kama mtu anayepima kitambaa cha ghali kabla ya kutia mkasi.

"Mwalimu," alisema, "zile karata zako unazo?"

"Ninazo, bibi."

"Zilete."

Mwalimu kijana alisita, akazitoa mfukoni. Aliinua moja, akaishusha.

"Sikuiona," bibi alisema. "Irudishe. Iache hapo." Alinyoosha kidole mbele ya wote, akagusa vitone kimoja kimoja. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Alishusha pumzi. "Nyingine."

"Mama, acha mchezo," mwashi alisema. "Vaa miwani."

"Miwani haina kosa, mwanangu. Maskini, imesingiziwa miaka arobaini. Macho yangu yanaona mpaka sindano iliyoanguka."

Aliivua tepu shingoni akamkabidhi mwanawe, kidole gumba kikibana mahali fulani katikati. "Soma hapo."

"Hamsini na mbili."

"Mimi naona mbili na tano, naona tano na mbili, zinanichezea. Sijawahi kuisoma tepu hii hata siku moja. Ni mkufu tu huo, baba. Wengine huvaa dhahabu."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini.

"Lakini umepima watu," mwashi alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Umenipima mimi."

Bibi alifungua mkoba akatoa kamba moja iliyobadilika rangi. Hakuitazama, aliipapasa. "Hii ni ya suti yako ya arusi. Hapa bega na bega. Hapa kifua. Hapa mkono, na hapa nilifunga fundo mara mbili kwa sababu mkono wako wa kulia ni mrefu kidogo. Kamba nilibuni kwa sababu ya aibu, siyo kwa sababu ya ufundi. Pesa alihesabu marehemu baba yako, alijua, akanifichia siri. Alipofariki nikamtafuta mkwe anayejua hesabu."

Aliuvuta mkono wa mwanawe, akaiweka kamba kiganjani.

"Sikiliza vizuri, maana sitarudia. Mimi nilirudishwa darasa la tatu mara mbili. Mara ya tatu hawakunifukuza. Nilijirudisha nyumbani mwenyewe. Nilijiambia mimi ni mjinga, na nimeliamini hilo mpaka jana, mkwe wangu aliponiletea maneno ya huyu kijana. Unasema hesabu iko kwenye damu? Iko kweli. Hii ndiyo damu yenyewe. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha. Huyu mtoto hatafunga mafundo maisha yake yote ili watu wasimjue."

Mwashi aliigeuza kamba mkononi. Aliona mafundo mawili ya mkono wa kulia. Alimgeukia binti yake pale ukutani.

"Ulijua?"

"Ndiyo, baba."

"Kila jioni nakuambia mtazame bibi yako. Mbona hukusema?"

"Ungemsimamisha na yeye," Mtangazaji alisema. "Ungemwambia mikono juu."

Mwashi aliona aibu, aibu nzito ya kweli, na hakujaribu kuificha. Alijipangusa macho kwa mgongo wa mkono wenye saruji mbele ya mwalimu mkuu na kila mtu.

"Nipe kalamu," alisema.

Alitia saini, kubwa kuliko nafasi iliyoachwa. Mwalimu mkuu aliivuta fomu, akaisoma kwa makini kuliko ilivyohitajika, kisha akalifunga daftari lake kubwa bila kuandika kitu.

"Orodha inaweza kuwasubiri watu wa kituo," alisema. "Kwa sasa abaki darasa la nne."

Walipofika nje Mtangazaji alichukua mkono wa bibi yake. Getini bibi aliuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kutaja miwani, "Sasa ni saa ngapi?"

"Sijui, Bibi," Mtangazaji alisema, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikilia nguzo ya geti.

*

Jumamosi nzima bibi na mjukuu walikuwa kwenye zahanati ya wauguzi na kamba tisa mpya, bibi akipima na mjukuu akifunga mafundo. Jumapili fundi alitia vipande ubavuni kwa kitambaa alichokinunua mwenyewe, na Jumatatu gauni la muuguzi mkuu lilipita mabegani kama maji.

"Safari hii vipimo umemwachia nani?" aliuliza, akijigeuza mbele ya kioo.

"Yule yule mtoto," fundi alisema, na hakuomba samahani.

Kituoni walimpima Mtangazaji siku mbili, wakasema ndiyo. Waliandika karatasi ndefu, na yeye mwenyewe akaisoma kwa sauti nyumbani, penye namba akamwachia mama yake. Hakupona, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Muhula ule alipata alama chache tu zaidi, na bado alichelewa kuijua saa. Ila karatasi zake ziliacha kutoboka.

Mwalimu aliagiza dakika kumi na tano kila jioni, si zaidi, na vitu vya kushika. Mwashi alileta mabaki ya vigae kutoka kazini, akavikata vipande vidogo vya mraba, akavisugua kingo kimoja kimoja visije vikamkata mtu. Kazi hiyo aliifanya vizuri. Kazi iliyomshinda ilikuwa kukaa kimya.

Jioni moja Mtangazaji alipanga vigae saba upande huu, sita upande ule. Bibi, ambaye alisema amekuja kutazama tu, alisogeza kiti. Kisha akasogeza tena. Shingo yake ilikuwa wazi. Tepu ilikuwa imetundikwa msumarini pamoja na kamba.

"Vyote vingapi?" Mtangazaji aliuliza, akiigiza sauti ya mwalimu.

Bibi aliondoa vitatu kwenye sita, akavisukuma kwenye vile saba, vikawa kumi, kama alivyoona mjukuu wake akifanya. Alivitazama vilivyobaki. Midomo ilimcheza. Mwashi, aliyekuwa mezani na mkewe na mtoto mdogo, hakuweza kuvumilia. Alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Bibi aliinua mkono kumzuia, bila kuondoa macho kwenye vigae.

"Usinitajie," alisema. "Niache nifike mwenyewe."

Walimsubiri, wote wanne, na hakuna aliyetazama saa. Alikuwa na miaka sabini na moja, na alifika.

"Kumi na tatu," alisema bibi.